Mnada wa Vinyago: Wanunuzi Wananunua Nini?

Imeandikwa na Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho



Katika mjadala wetu wa mwezi uliopita swali moja lilitupwa katikati na halikupata jibu. Namna gani kinyago cha mbao, kisicho na zahabu wala jiwe la bei, kinauzishwa huko Ulaya kwa feza ambayo ingejenga shule kumi kama hii yetu? Wengine walicheka, wakasema Wazungu wana wazimu. Wengine wakasema ni uchawi unaonunuliwa. Mwalimu wa historia akasema: "Kapita, wewe njo mukubwa wao, utafute, kisha utuandikie." Basi nimetafuta, na haya njo niliyopata.

Tuanze na mnada wenyewe. Neno ni la kitabu, lakini jambo lenyewe kila mutu wa Butembo na Beni analijua tangu utoto. Siku ya mavuno waamini wanaleta matoleo: mikungu ya ndizi, maharagi, viazi, mayai, kuku aliyefungwa miguu. Kisha ibada shemasi anasimama inje mbele ya mulango, anainua kuku juu, anataja bei ya kuanzia. Baba mumoja anaitika. Mama mumoja wa nyuma anaongeza. Yule baba naye anaongeza tena, watu wanapiga makofi, na kuku ambaye sokoni angepata 25 000 franka anamalizika kwa 80 000. Hakuna anayelia ya kwamba ameibiwa. Kila mutu anafahamu kwamba hatukununua nyama peke yake. Tumetolea kazi ya Mungu, na tena, tuseme kweli, tunapenda kidogo watu waone kwamba sisi njo tumemupeleka kuku nyumbani.

Shikeni mufano huu wa kuku, utatusaidia mbele. Katika mnada bei haitoki ndani ya kitu. Inatoka kwa watu wawili wanaokitaka sana na hawakubali kushindwa. Kama anayekitaka ni mumoja tu, bei inabaki chini hata kitu kikiwa kizuri namna gani.

Sasa twende Ulaya. Nyumba kubwa za mnada ni za zamani. Sotheby's ilianza London mwaka 1744, Christie's ikafuata mwaka 1766, na Hôtel Drouot ya Paris ilifunguliwa mwaka 1852. Mwanzoni waliuzisha vitabu, picha na vyombo vya matajiri waliokufa. Vitu vyetu vya Afrika vilikuja nyuma sana. Karibu mwaka 1906 wachoraji wa Paris kama Matisse, Derain na Picasso walianza kuvinunua kwa bei ndogo na kuvitundika nyumbani mwao, na kidogo kidogo matajiri wakafuata wachoraji.

Vitu vyenyewe vinatoka wapi? Kwa kawaida ni hivi. Muzungu alikuwa Kongo, au Gabon, au Kameruni, akiwa askari, mukubwa wa serikali, munganga, mufanya biashara au mumisionere. Akarudi kwao na masanduku. Akafa. Watoto wakaweka vitu katika chumba cha juu, wajukuu wakaona vinakusanya vumbi, wakaita nyumba ya mnada. Wengine hawakufika Afrika hata siku moja. Ni matajiri waliopenda vinyago, wakavinunua kwa wachuuzi kwa miaka 30 au 40, na siku ya kufa au siku ya kukosa feza mukusanyo wote unauzishwa. Mukusanyo wa jamaa Vérité, wachuuzi wa Paris, uliuzishwa Drouot tarehe 17 na 18 Juni 2006, na kwa siku mbili tu ulitoa karibu euro milioni 44. Kinyago kimoja cha Wafang wa Gabon, kile wanaita ngil, cheupe, chenye uso murefu, kilipata peke yake euro milioni 5,9.

Kazi inaendeshwa namna hii. Fundi wa nyumba ya mnada anatazama kitu, anapima, anauliza kilitoka wapi. Anaandika bei mbili, ya chini na ya juu, ili wanunuzi wajue pa kuanzia. Pembeni iko bei ya siri ambayo mwenye kitu amekubali: kama watu hawaifikie, kitu kinarudi nyumbani. Kisha wanachapa katalogi, kitabu kizuri cha picha, wanakituma inchi zote. Siku chache mbele ya mnada vitu vinawekwa wazi, kila mutu anaweza kuingia kutazama bila kulipa. Siku yenyewe wanunuzi wanakaa na kibao chenye namba, wengine wanashika telefone, wengine wako kwa intaneti. Mwenye nyundo anapandisha bei. Akipiga nyundo mara moja mezani, basi, imekwisha, huwezi kusema ulikuwa unajikuna kichwa.

Wenzetu wa Komersiale watafurahi hapa. Tuseme nyundo imepigwa kwa 100 000. Mununuzi halipi 100 000. Nyumba inamuongezea sehemu yake, tuseme 25 kwa 100, analipa 125 000. Mwenye kitu naye hapati 100 000. Wanamukata, tuseme 10 kwa 100, anabaki na 90 000. Nyumba imepata 35 000 na haikuchonga kitu, haikununua kitu, haikubeba hata kwa kichwa. Wafanya biashara wa Butembo, wanaokwenda hata Dubai na China kutafuta faida, sijui kama walikwisha kuona faida ya namna hiyo.

Na muchongaji? Katika hesabu ile hana mustari wake. Sikumusahau mimi. Hayumo.

Tunafika sasa kwenye swali letu. Ile feza inalipa nini? Mbao hapana. Uzuri, ndiyo, kwa sehemu. Lakini vinyago viwili vinaweza kuwa vizuri sawasawa, kimoja kikapata euro 2 000 na kingine milioni 2. Tofauti ni karatasi. Kila kitu katika katalogi kina mistari chini ya picha: kilitolewa mahali fulani na mutu fulani mwaka fulani, kisha kilikuwa kwa fulani wa Brussels, kisha kwa fulani wa Paris, kilionyeshwa katika museo fulani, kilipigwa picha katika kitabu fulani. Orodha hiyo ya wenye kitu, mumoja kisha mwingine, njo inayopandisha bei.

Mufano ulio wazi zaidi ni sanamu ya mwanamuke mwenye kucheza, kutoka kwa Wabangwa wa Kameruni. Wazungu wanamuita Malkia wa Bangwa. Mujerumani Gustav Conrau aliipeleka Ulaya mwisho wa miaka ya 1890. Baadaye ilikuwa ya Helena Rubinstein, yule mama tajiri wa mafuta ya uso na poda, na mupiga picha Man Ray akaipiga picha iliyojulikana sana. Rubinstein alipokufa, vitu vyake viliuzishwa New York mwaka 1966, na sanamu ile ikapata dola 29 000. Mwaka 1990 iliuzishwa tena New York. Bei: dola milioni 3,4. Kwa miaka 24 imeongezeka mara zaidi ya 100. Sanamu ilikuwa ile ile, haikuota mukono mwingine. Kilichokua ni majina yaliyoifuata. Ni kama kuku wetu wa mavuno: wanunuzi wanalipa pia kile watu watasema kesho, ya kwamba kitu cha Rubinstein sasa kiko kwao.

Tusiwacheke bure lakini. Karatasi ina sababu yake nyingine, nayo ni uongo. Tangu zamani watu wanachonga vinyago vipya, wanavitia moshi, wanavizika katika udongo, wanavipaka mafuta, wanaviacha kwa muchwa, kisha wanaviuzisha kama vya kale. Kwa hiyo mununuzi anaogopa. Kama kitabu cha mwaka 1920 kinaonyesha picha ya kitu hicho, hakuna anayeweza kusema kilichongwa juzi.

Mutu asiyejua kazi ya karatasi anaweza kulia sana. Mwaka 2021 wazee wawili wa Ufaransa, baba na bibi yake, walikuwa wanasafisha nyumba yao ya pili. Wakauzishia muchuuzi wa vitu vya zamani kinyago kimoja kwa euro 150. Babu wa yule muzee alikuwa gavana katika makoloni ya Ufaransa, na kinyago kilitoka Gabon, ngil kama kile cha mwaka 2006. Mwezi wa Machi 2022 kiliuzishwa kwa mnada huko Montpellier. Nyundo ilipigwa kwa euro milioni 4,2. Fanyeni hesabu: mara 28 000. Wazee walisoma habari katika gazeti, wakakwenda kwa waamuzi wa Alès kudai haki. Serikali ya Gabon nayo ikaingia, ikasema kinyago ni chake, hakikutoka kwa haki. Siku ya mnada hata Wagabon waliokuwa ndani ya chumba walisimama wakalalamika kwa sauti. Mwezi wa Desemba 2023 waamuzi wakakata: wazee hawana haki, maana walipaswa wenyewe kuuliza bei mbele ya kuuzisha. Na Gabon pia haikupata kitu.

Mimi nilisoma hukumu ile mara mbili. Waliwaambia wazee ya kwamba ni kosa lao kutokuuliza. Sasa yule Mufang aliyetoa kinyago kwa gavana karibu mwaka 1917, kama alikitoa kwa kupenda, angemuuliza nani?

Turudi kwetu Kongo, maana Kongo njo shamba kubwa la biashara hii. Kakao ya Beni inapimwa kwa kilo, na bei yake inajulikana hata kule Kasindi kwenye mupaka. Vinyago havina kilo. Mwezi wa Novemba 2010 huko Paris kiti kimoja cha Waluba, kiti cha mufalme chenye mwanamuke anayekibeba juu ya kichwa na mikono, kiliuzishwa kwa zaidi ya euro milioni 5. Katalogi inasema ni kazi ya "Bwana wa Buli". Buli ni jina la kijiji cha upande wa kaskazini mwa Katanga, ambako Wazungu walipata viti vya mukono ule ule. Sura zake ni ndefu, zenye mashavu yaliyoingia ndani na vidole virefu, hata mutoto anaweza kuzitambua. Basi mutu huyu ni mukubwa kabisa, vitabu vinamuheshimu, na jina lake ni jina la kijiji ambacho kiti kilipatikana! Ni kama mutu aandike katika bulletin ya mwanafunzi: "Yule wa Lubero, 85 kwa 100." Kuna waliofika huko nyuma wakauliza wenyeji, wakasikia jina Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Je, njo yeye? Wataalamu wanabishana hata leo. Swali lile lingekwisha kwa dakika moja kama yule wa kwanza aliyebeba kiti angeuliza: nani alichonga?

Sisi Wanande hatutajwi sana katika katalogi hizo. Si vinyago vilivyotufanya tujulikane. Lakini majirani zetu Warega wa Mwenga, Shabunda na Pangi wamo kila mwaka. Kwao kulikuwa chama kinachoitwa bwami, chenye vyeo vingi, wanaume na wake zao, na mutu alipanda cheo kwa kufundishwa. Mafundisho yalikuja kwa vitu na kwa mezali fupi. Kuna kinyago kidogo cha mbao, lukwakongo, chenye ndevu za nyuzi, kidogo hata kinatosha mukononi. Hakikuvaliwa usoni tu: walikishika, walikifunga kwa mukono, walikitundika kwenye ua pamoja na vingine. Wenye cheo cha juu kabisa, kindi, walikuwa na vya pembe za tembo. Kuna sanamu yenye vichwa vingi inayotazama pande zote, kufundisha ya kwamba mutu mwenye akili haoni upande mumoja tu.

Na sikilizeni jambo hili, kwangu njo la maana kuliko yote. Mwenye kitu alipokufa, kitu kilipita kwa yule aliyemufuata katika jamaa, na kutoka kwa huyu kwa mwingine. Watu walijua kilipitia mikono ya nani na nani. Kitu kilikuwa kizito kwa sababu ya wale waliokishika mbele. Si ni ile ile karatasi ya mnada? Warega nao walikuwa na orodha ya wenye kitu, lakini waliiweka kichwani. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilikataza bwami. Vitu vikafichwa, vingine vikachukuliwa, vingine vikauzishwa. Daniel Biebuyck, Mubelgiji, alikaa kati yao miaka ya 1950, akaandika mengi, na kitabu chake cha mwaka 1973 njo kinachosomwa hata leo. Lakini vitu vingi vilikuwa vimekwisha kupanda ndege au meli pasipo neno. Katika katalogi orodha ya kitu cha Warega inaanza hivi: fulani, Brussels, mwaka 1950 na kitu. Inaanza pale pale orodha yetu ilipokatika.

(Neno dogo juu ya pembe. Tangu mwaka 1990 biashara ya pembe za tembo kati ya inchi na inchi imekatazwa, na Umoja wa Ulaya ulikaza sheria tena mwaka 2022. Vya kale vinaweza kuuzishwa kama vina karatasi za ruhusa zinazoshuhudia miaka yake. Kwa hiyo hata hapa karatasi njo inatawala. Na kuna hatari: mutu anaua tembo leo, anachonga, anasema ni cha babu. Sisi tunaokaa karibu na Virunga tunafahamu.)

Nilipokuwa naandika haya katika chumba cha masomo, mwanafunzi mumoja wa mwaka wa ine alisoma juu ya bega langu, akaniambia: "Yaya Kapita, hizi si sanamu za mapepo? Acha Wazungu wazibebe, sisi tubaki na amani." Najua wengi kati yetu wanawaza vile vile, na ni swali la haki katika shule ya Kiprotestanti. Nitajibu kwa Maandiko.

Someni Matendo ya Mitume, sura ya 19. Huko Efeso watu walioamini walileta vitabu vyao vya uchawi wakavichoma mbele ya wote. Angalieni: walihesabu bei yake, na walipata vipande 50 000 vya feza. Walijua bei, na walichoma. Hakuna aliyesema, "Ngoja, niko na mununuzi Roma." Katika sura ile ile, mistari michache mbele, tunamukuta Demetrio, mufua feza, aliyeleta fujo muji muzima kwa sababu biashara yake ya vitu vya Artemi ilikuwa katika hatari. Basi katika Efeso kulikuwa watu wa moto na watu wa soko.

Mababu waliochoma kwa imani yao, nawaheshimu. Walilipa wenyewe. Lakini kumbuka kwamba kitu kilichochomwa hakina namba katika katalogi. Vilivyo na namba ni vile ambavyo havikuchomwa. Mutu aliyemuambia muzee atupe kitu chake kwa sababu ni cha Shetani, kisha akakiweka katika sanduku lake na kukituma kwao, yule alikuwa mutu wa soko, hata kama aliimba zaburi njiani. Na wajukuu wakiuzisha leo, ile feza hairudi kwa jamaa ya yule muzee wala kwa kanisa lake.

Si wote walifanya hivyo, na hapa nafurahi kutaja mumisionere wa Kiprotestanti. Karl Laman wa Misioni ya Kiswedi, huko Kongo ya Chini, alikusanya vitu vingi vilivyopelekwa Stockholm. Lakini alifanya pia jambo ambalo wengine hawakufanya: aliwapa waalimu wa Kikongo, watu wa kanisa, madaftari ya shule na maswali, waandike wenyewe kwa luga yao kitu hiki ni nini, kinaitwaje, kinafanya kazi gani. Waliandika madaftari zaidi ya 400, katika miaka ya 1910. Leo wataalamu wa Marekani na Ulaya wanaosoma vitu vya Wakongo wanaanza na madaftari ya waalimu wale. Waalimu wenyewe walikuwa wameacha dawa za mababu. Kuandika jina la kitu hakukuwafanya wakiabudu.

Wengine watasema dawa ni moja tu: Ulaya irudishe yote. Mobutu alisema hivyo tarehe 4 Oktoba 1973 mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, na inchi nyingi zilimuunga mukono. Kutoka mwaka 1976 hata 1982 museo ya Tervuren, karibu na Brussels, ilirudisha Kinshasa vitu 114. Ilikuwa siku ya furaha. Lakini lazima tuseme lililofuata. Baadhi ya vitu hivyo viliibiwa, vingine vikaonekana tena kwa wachuuzi wa Ulaya. Vilirudi kwa mulango wa mbele, vikatoka kwa dirisha, na aliyefungua dirisha hakuwa Muzungu peke yake. Sasa tuna museo mupya ya taifa huko Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2019. Mwaka 2022 Wabelgiji walimupa Waziri wetu wa Kwanza orodha ya vitu karibu 84 000 vya Kongo vilivyo Tervuren, wakaweka sheria ya kurudisha vile vilivyochukuliwa kwa nguvu, na mufalme Philippe alileta kinyago kimoja kikubwa cha Wasuku, kakuungu. Alikileta kwa kuazima, bila mwisho wa muda. Nimefikiri juu ya neno lile kuazima, sijalimaliza.

Hata hivyo sheria ile ni ya vitu vya serikali ya Ubelgiji. Vile vya watu binafsi, vinavyopita chini ya nyundo, haivigusi. Kwa hivyo mashindano ya kweli hayako Tervuren. Yako katika vyumba vya mnada na, mbele ya hapo, katika vijiji.

Maana biashara haijakwisha. Tangu mwaka 2014 watu wengi wa vijiji vya Beni wamekimbia, wamekuja muji na muzigo mudogo, na mutu mwenye njaa anauzisha kile alicho nacho: kiti cha babu, kigoda, ngoma, nguo ya ganda la muti iliyopigwa na Wambuti wa pori. (Nguo hizo za Wambuti zenye michoro nazo zimo katika mikusanyo ya Ulaya na Marekani.) Anakuja mugeni, anatoa dola 20, anasema "ni kitu cha zamani tu, hakina kazi." Sitamuhukumu baba anayetafuta unga wa watoto. Lakini ajue mambo mawili. La kwanza, sheria ya inchi yetu namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inakataza kutoa vitu vya kale inje ya inchi pasipo ruhusa. Mugeni mwenye haraka anajua hivyo, njo sababu ana haraka. La pili, mugeni hanunui kitu tu, ananunua pia ukimya. Kitu kisicho na picha wala jina huku kwetu, yeye atakiandikia jina lake.

Kwamba picha ina nguvu, tunaona kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Wao wanasimamisha nguzo za mbao zilizochongwa, vigango, kwa kukumbuka wazee waliokufa. Mwaka 1985 Monica Udvardy, mwalimu wa chuo kikuu kutoka Marekani, alipiga picha ya muzee mumoja akisimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Kisha siku chache viliibiwa. Muzee alikufa bila kuviona tena. Mwaka 1999, katika mukutano wa wataalamu wa Afrika, Udvardy aliona kimoja katika picha za museo ya Illinois, akakitambua. Cha pili kilikuwa katika museo ya chuo cha Hampton, Virginia. Vilikuwa vimepita kwa wachuuzi na kwa matajiri, kila mumoja akiamini amenunua kwa haki, na huko Marekani kuna museo nyingine zenye vigango vingi ambavyo hakuna anayejua ni vya jamaa gani. Hivi viwili vilikuwa na picha, pamoja na sura ya mwenyewe. Mwaka 2007 jamaa ya muzee ilivipokea tena nyumbani.